Kuunda Chemshabongo ya Maneno kwa Istilahi za Bao na Kroketi: Mwongozo kwa Watunzi wa Mtwara na Lindi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu, wanafunzi na wahariri wa vijarida vya shule katika mikoa ya Mtwara na Lindi wanaotaka kutunga chemshabongo ya maneno, yaani ule mchoro wa visanduku ambamo maneno ya mlalo na ya wima hukutana kwa herufi, wakitumia majina ya vifaa na matendo ya mchezo. Mchezo tutakaouchukua kuwa msingi ni bao la kete, kwa sababu maneno yake yamo vinywani mwa watu kuanzia baraza za Mikindani hadi chini ya mikorosho ya Newala na Nachingwea, na kwa sababu karibu kila kifaa chake na kila tendo lake lina jina lake maalumu. Baadaye tutaongeza kroketi, mchezo wa Waingereza wa kupiga mipira kwa nyundo za mbao, ili tuone namna ya kushughulikia mchezo ambao msomaji wetu hajawahi kuutazama.

Chemshabongo ya aina hii si ya kale sana. Ile inayohesabiwa kuwa ya kwanza ilichapishwa tarehe 21 Desemba 1913 katika gazeti la New York World nchini Marekani, na mtunzi wake alikuwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza. Wynne alitunga kwa Kiingereza, lugha yenye maneno mengi yanayoishia na konsonanti na ambayo viambishi vyake ni vichache. Mtunzi wa Kiswahili anashika kitu tofauti kabisa: karibu kila neno lake linaishia na irabu, na kila nomino inaburuta upatanisho wa kisarufi katika sentensi nzima. Anayenakili kanuni za watunzi wa Kiingereza bila kuzipima atapata mchoro unaojazika, lakini madokezo yake yatakuwa yametoa jibu kabla msomaji hajafikiri. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inashughulikia tatizo hilo.

Hatua ya kwanza: kukusanya maneno kutoka kwa wachezaji

Usianze na kamusi. Kamusi itakupa neno "nyumba" kama mahali pa kuishi na "kichwa" kama sehemu ya mwili, na yote mawili ni kweli, lakini hayatakusaidia kutunga dokezo la bao. Nenda panapochezwa bao, hasa alasiri, au katika msimu wa korosho pale wakulima wanapokuwa na muda wa kusubiri kwenye ghala la chama cha msingi. Salimia, kaa pembeni, na usubiri mchezo uishe, kwa kuwa mchezaji aliye katikati ya hesabu ya kete hawezi kukujibu vizuri na si adabu kumkatiza. Kisha uliza kwa kitendo: "Shikamoo mzee, naomba unioneshe kimbi ni ipi." Kimbi ni jina la eneo la ukingoni mwa safu ya mbele ya ubao. Ukimwomba akuoneshe kwa kidole badala ya kukueleza kwa maneno, utaona papo hapo kama anahesabu shimo la ukingoni pamoja na la pili yake au la pili peke yake, na dokezo lako litategemea jibu hilo.

Pamoja na maneno, andika kanuni za mchezo zinazoyabeba. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaliyopangwa katika safu 4 zenye mashimo 8 kila moja, na kila mchezaji anamiliki safu 2. Kete ni 64. Kwa kawaida ni komwe, mbegu ngumu za rangi ya kijivu zinazotokana na mkomwe, mmea wa miiba unaopatikana pwani. Mchezo unapoanza, kila mchezaji ana kete 6 katika nyumba, kete 2 katika kila moja ya mashimo mawili yanayoifuata upande wa kulia, na kete 22 mkononi. Nyumba ni shimo la safu ya mbele ambalo mara nyingi wachongaji hulipa umbo la mraba ili litofautiane na mengine. Kipindi cha kuingiza kete za mkononi huitwa namu, na kete hizo zikiisha mchezo unaingia katika mtaji. Mashimo ya mwisho ya safu ya mbele, kulia na kushoto, huitwa kichwa. Mchezaji akicheza zamu yake bila kula kete za mwenzake, ametakata. Anayemaliza kete zote za safu ya mbele ya mwenzake ameshinda.

Kutokana na maelezo hayo unapata orodha ya kutosha: BAO, KETE, KOMWE, SAFU, SHIMO, MASHIMO, NYUMBA, KICHWA, KIMBI, NAMU, MTAJI, TAKATA, na pia HAMNA, yaani safu ya mbele kubaki bila kete, na FUNDI, yaani mchezaji hodari. Andika idadi ya herufi mbele ya kila neno. Lenga kukusanya mara mbili ya maneno utakayotumia, kwa sababu nusu yatakataa kukutana na mengine.

Hatua ya pili: kuamua kanuni za tahajia kabla ya kuchora

Kanuni ya kwanza inahusu herufi mbili zinazotoa sauti moja, kama vile "ch", "sh", "ny", "dh" na "ng". Wapo wanaopendekeza kila sauti ipewe kisanduku kimoja. Ninashauri kwa mkazo kinyume chake: herufi moja, kisanduku kimoja. Msomaji anahesabu herufi anazoziona kwa macho, na mtunzi anapata nafasi zaidi za kukutanisha maneno. Katika mfano tutakaouchora hapa chini, neno SAFU linaanzia kwenye "S" ya MASHIMO. Kama "sh" ingewekwa katika kisanduku kimoja, makutano hayo yasingewezekana. Alama ya kibainishi katika "ng'" iandikwe ndani ya kisanduku kilekile cha "G" na isihesabiwe.

Kanuni ya pili inahusu vitenzi. Amua mapema kama jibu litakuwa na kiambishi "ku-" au la, kisha ulifanye dokezo liseme hivyo bila kueleza. Dokezo likiwa katika hali ya kuamuru, kama "Cheza zamu yako bila kula", jibu liwe TAKATA. Dokezo likianza na "Kucheza", jibu liwe KUTAKATA. Msomaji ataizoea kanuni hiyo haraka, lakini ukiivunja hata mara moja hatakuamini tena.

Kanuni ya tatu ni ya umoja na wingi. KETE haibadiliki, lakini SHIMO na MASHIMO ni majibu mawili tofauti, na dokezo lazima lichague moja.

Hatua ya tatu: kupanga maneno katika mchoro

Daftari la hesabu lenye visanduku, penseli, kifutio na rula vinatosha. Anza na neno refu kuliko yote na uliweke katikati kwa mlalo. Katika orodha yetu ni MASHIMO, lenye herufi 7. Kisha tafuta maneno ya wima yatakayopita katika herufi zake za kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba, ukiruka kisanduku kimoja kila mara, kwa sababu maneno mawili ya wima yakibanana ubavu kwa ubavu kila mstari wa mlalo unaoyagusa utalazimika kuwa neno kamili, na kazi itakushinda.

"M" ya kwanza inapokea KIMBI, ambalo herufi yake ya tatu ni "M". "S" inaanzisha SAFU kwenda chini. "I" inapokea KICHWA, likianzia kisanduku kimoja juu yake. "O" ya mwisho inapokea BAO likiteremka kutoka juu na kuishia hapo. Sasa angalia ncha zilizobaki wazi. "K" ya KIMBI iko kwenye mstari wa juu kabisa, nayo inaweza kuanzisha KETE kwa mlalo. "A" ya mwisho ya KICHWA iko kwenye mstari wa chini, nayo inaweza kuwa herufi ya pili ya TAKATA. "A" ya mwisho ya TAKATA nayo inampa mtunzi mahali pa kuishia NYUMBA. Mchoro unakuwa hivi:

K E T E . . B . .
I . . . K . A . N
M A S H I M O . Y
B . A . C . . . U
I . F . H . . . M
. . U . W . . . B
. . . T A K A T A

Nukta ni visanduku visivyotumika. Mchoro una mistari 7 na safu wima 9, maneno 8, na makutano 7. Ni mdogo, lakini unatosha kwa ukurasa mmoja wa kijarida cha shule, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuumaliza katika kipindi kimoja.

Kabla ya kuridhika, chunguza kila makutano na ujiulize ni herufi gani inayompa msomaji msaada. Hapa ndipo sifa ya Kiswahili ya kuishia na irabu inapoonesha faida na hasara yake. Faida ni kwamba maneno mawili yanaweza kukutana kwa herufi zao za mwisho bila taabu, kama NYUMBA na TAKATA walivyokutana hapa. Hasara ni kwamba makutano hayo hayamwambii msomaji mengi: irabu ni tano tu, na "A" ndiyo inayojirudia kuliko zote. Konsonanti ndiyo inayochuja. Ukilitazama KIMBI, linakutana na mengine kwa "K" na kwa "M", hivyo msomaji aliyepata KETE na MASHIMO amekwisha kupewa mifupa ya neno. BAO linategemea "O" peke yake. TAKATA inategemea "A" mbili. NYUMBA inategemea "A" moja tu kati ya herufi sita, na hilo ndilo neno lililo peke yake kuliko yote katika mchoro huu. Andika maneno kama hayo pembeni, kwa maana madokezo yake yatalazimika kuwa ya wazi zaidi, au itabidi uyatafutie neno jingine la kuyashika.

Hatua ya nne: kutunga madokezo yasiyojifichua

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na mtunzi asiyekuwa na muda wa hatua hii ni bora asianze.

Tuchukue neno KICHWA. Mtunzi wa haraka ataandika: "Hiki kiko mwisho wa safu ya mbele." Sentensi ni sahihi, lakini "hiki" na "kiko" vimekwisha kumwambia msomaji kwamba jibu linaanza na KI. Kati ya herufi sita, mbili zimetolewa bure, na zimetolewa kwa sarufi wala si kwa maarifa ya bao. Hali ni hiyohiyo kwa MASHIMO ukiandika "Haya ni thelathini na mawili". "Haya" yametaja ngeli, na "mawili" yamerudia. Hata "Hizi ni sitini na nne" kwa KETE inabagua ngeli zote isipokuwa moja.

Zipo njia nne za kuzuia uvujaji huo, na mtunzi mzuri anazichanganya.

Njia ya kwanza, na ndiyo ninayoitegemea zaidi, ni kutumia kiambishi "hu-" cha mazoea. "Hu-" haichukui kiambishi cha ngeli: kichwa hupigwa, mashimo huchongwa, kete hugawiwa, mpira hupenya. Kitenzi kinabaki na sura moja, na msomaji hapati pa kushika isipokuwa maana. Hivyo dokezo la MASHIMO linaweza kuwa: "Huwa 32 katika ubao wa mchezo huu."

Njia ya pili inaonekana katika dokezo hilohilo: andika idadi kwa tarakimu. "32" haioneshi kama ni thelathini na mbili, na wawili, na viwili au na mawili. Kwa KETE andika: "Huwa 64, na baadhi husubiri mkononi mchezo unapoanza." Hapo msomaji anayejua bao anafurahi, na asiyelijua anafundishwa kitu bila kupewa ngeli.

Njia ya tatu ni kuweka nomino ya jumla mwanzoni na kuiacha ndiyo ibebe upatanisho. Kwa KICHWA unaweza kuandika: "Shimo la ukingoni mwa mstari wa mbele." Upatanisho wa "la" ni wa shimo, na jibu ni jina la shimo hilo, kwa hiyo hakuna kilichovuja. Nomino kama "kitu", "mahali", "tendo" na "mtu" hufanya kazi hiyo vizuri mradi zisirudiwe katika kila dokezo.

Njia ya nne ni kutumia viambishi vya mahali, yaani "hapa", "pana", "hakuna". KIMBI inapata dokezo hili: "Ukila hapa, mateka husambazwa kuanzia ukingo wa upande huohuo." Kanuni hiyo ni ya kweli katika bao. Kete zilizotekwa kwenye kimbi hazianzi kugawiwa popote mchezaji anapotaka, bali zinaanzia upande wa karibu, na ndiyo sababu wachezaji wamelipa eneo hilo jina. Angalia pia kwamba nimeandika "ukingo" mahali ambapo mchezaji angesema "kichwa". KICHWA ni jibu jingine katika mchoro huu, na jibu lisitajwe katika dokezo la mwenzake.

Ukishaziba mianya ya sarufi, rudi kwenye maana. Maneno ya bao yana utajiri ambao mtunzi asiuache: mengi yana matumizi ya pili nje ya ubao, na dokezo linaweza kusimama juu ya matumizi yote mawili kwa pamoja. BAO ndilo mfano bora, kwa sababu neno hilohilo ni goli la mpira wa miguu. Andika: "Hufungwa uwanjani, huchezwa barazani." Maneno manne, hakuna ngeli iliyotajwa, na kijana wa uwanja wa Nangwanda Sijaona pamoja na mzee wa barazani wote wana mlango wa kuingilia. SAFU inaweza kupata: "Ubaoni huwa 4, msikitini hunyooshwa kabla ya swala." NYUMBA ndiyo tuliyosema iko peke yake, na kwayo ninapendekeza: "Huhifadhi kete ingawa hakuna paa wala mlango." Neno "kete", ingawa ni jibu jingine, limewekwa makusudi ili msomaji asitange mbali. "Hakuna" limewekwa mahali pa "haina", kwa kuwa "haina" ingetaja ngeli.

Madokezo ya namna hiyo yasizidi theluthi ya yote. Mengine yawe ya moja kwa moja, la sivyo msomaji anayeanza hatapata neno la kwanza la kumpa herufi za kuendelea. Katika mchoro wetu KETE, MASHIMO na TAKATA yanafaa kuwa mepesi, kwa sababu ndiyo ya mlalo na yanagusa mengine yote.

Hatua ya tano: kuingiza mchezo usiojulikana, kama kroketi

Dokezo la bao linamkumbusha msomaji anachokijua. Dokezo la kroketi haliwezi kufanya hivyo, kwa kuwa huku kwetu si mchezo wa mitaani, kwa hiyo linalazimika kumfundisha na kumuuliza kwa wakati mmoja. Mtunzi mwenyewe anapaswa kuufahamu mchezo kwanza, angalau kwa kiasi hiki.

Kroketi huchezwa juu ya nyasi zilizokatwa fupi, katika uwanja wenye urefu wa takribani mita 32 na upana wa mita 25.6. Kuna matao 6 ya chuma yaliyochomekwa ardhini, kila moja likiwa na kimo cha sentimita 30 hivi, na kigingi kimoja katikati ya uwanja. Mipira ni 4: ya buluu na nyeusi ni ya upande mmoja, nyekundu na ya njano ni ya upande wa pili. Kila mpira una uzito wa takribani gramu 454. Mchezaji hupiga mpira wake kwa nyundo ya mbao yenye mpini mrefu, akiupitisha chini ya matao kwa mpangilio maalumu, mara mbili kwa kila tao, kisha anaumalizia kwa kuugonga kwenye kigingi. Matao 12 na kigingi ni alama 13 kwa mpira mmoja, na kwa mipira miwili ya upande mmoja ni alama 26. Mpira wa mchezaji ukigonga mpira mwingine, anapata haki ya mapigo ya ziada, na hapo ndipo akili ya mchezo ilipo. Katika namna inayochezwa nyumbani nchini Marekani, matao ni 9 na vigingi ni 2, kwa hiyo dokezo lenye idadi litaje ni mchezo wa namna gani. Mchezo huu uliwahi kuchezwa katika Olimpiki ya Paris mwaka 1900, na klabu mashuhuri ya tenisi ya Wimbledon ilianzishwa mwaka 1868 ikiwa klabu ya kroketi.

Kwa majibu, chagua maneno ya Kiswahili yanayoeleweka: NYUNDO, TAO, MATAO, KIGINGI, MPIRA, MPINI, NJANO, NYASI. Epuka kulifanya neno KROKETI lenyewe kuwa jibu, kwa maana tahajia yake haijatulia, na msomaji aliyeandika kwa namna nyingine atajiona amekosea ilhali hajakosea. Epuka pia rangi ya buluu, ambayo wengine wanaiandika "bluu". Istilahi za ndani zaidi za mchezo huo, zinazotaja aina za mapigo, ziachwe kabisa. Mojawapo ikiandikwa kwa tahajia yetu inageuka kuwa "roketi", na hakuna msomaji atakayefikiria mpira wa kroketi.

Madokezo yafuate kanuni zilezile. Kwa MATAO: "Katika kroketi ya Uingereza huwa 6, na mpira hupita chini yake." Hapo "chini yake" haitaji ngeli, kwa sababu "yake" inapatana na "chini". Kwa KIGINGI: "Hapa mbuzi hufungwa, hapa pia mpira wa kroketi humaliza safari." Kwa NYUNDO: "Fundi hupigilia misumari, mchezaji wa kroketi hupigia mpira." Katika kila dokezo, kifaa kigeni kimeshikwa na kitu ambacho msomaji anakiona nyumbani kwake Ruangwa au Tandahimba, naye anafika kwenye jibu kwa kutumia mguu mmoja ulio kwenye ardhi anayoijua.

Sasa rudi kwenye mchoro wetu. Tulisema NYUMBA iko peke yake. "N" yake iko kwenye mstari wa pili, safu wima ya tisa, na upande wake wa kulia ni wazi. NYUNDO inaweza kuanzia hapohapo kwa mlalo, na NYUMBA ikapata msaada wa konsonanti ambao ilikuwa inaukosa. Kutoka kwenye "N" ya pili ya NYUNDO, NJANO inaweza kuteremka hadi mstari wa sita bila kugusa neno lolote, na dokezo lake likawa: "Hushirikiana na nyekundu dhidi ya buluu na nyeusi katika kroketi." Mchoro unapanuka hadi safu wima 14, mistari ikibaki 7. Maneno mawili ya kroketi kati ya kumi ni kiasi ninachokiona kinafaa; yakizidi hapo, msomaji wa bao ataona ameitwa kwenye mchezo mmoja akakuta mwingine.

Hatua ya sita: namba, majaribio na uchapishaji

Namba huwekwa mwisho. Soma mchoro kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari kutoka juu, na kila kisanduku kinachoanzisha neno kipewe namba inayofuata. Kikianzisha maneno mawili, kama "K" ya KETE na KIMBI, kinapata namba moja tu. Katika mchoro mdogo, mlalo una 1, 5 na 7, na wima una 1, 2, 3, 4 na 6. NYUNDO ikiongezwa haibadilishi kitu, kwa sababu inaanzia kwenye kisanduku ambacho tayari kina namba 4, lakini NJANO inaanzisha namba mpya, nayo inayasogeza mbele MASHIMO, SAFU na TAKATA. Aliyeandika namba mapema atalazimika kufuta.

Andika madokezo katika mafungu mawili, Mlalo na Wima, na mwishoni mwa kila dokezo weka idadi ya herufi. Kwa KIMBI na KICHWA idadi hiyo ni ya lazima. Yote mawili yanaanza na KI, yote mawili yapo ukingoni mwa safu ya mbele, na kinachoyatenganisha kwa msomaji asiye mchezaji ni herufi 5 dhidi ya 6.

Kisha wape watu wawili waijaribu, mmoja anayecheza bao na mwingine asiyecheza, kila mmoja peke yake, na wewe ukiwa karibu bila kusema neno. Tazama penseli inaposita. Mchezaji akisita kwenye neno analolitumia kila siku, dokezo lina kasoro. Asiye mchezaji akijaza neno kabla ya kusoma dokezo hadi mwisho, tafuta ngeli iliyovuja, maana karibu kila mara ndiyo sababu.

Katika uchapishaji, visanduku viwe na upana usiopungua sentimita 1.2. Safu wima 14 zitachukua sentimita 16.8, na karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, hivyo ukingo unabaki wa kutosha kushonea. Visanduku visivyotumika vitiwe rangi ya kijivu badala ya nyeusi iliyokolea, kwa sababu mashine nyingi za fotokopi katika maduka ya steshenari humwaga wino kwenye maeneo meusi na kuchafua herufi za jirani. Majibu yachapishwe katika toleo linalofuata, au yabandikwe kwenye ubao wa matangazo baada ya wiki moja, yakiambatana na sentensi moja ya maelezo kwa kila neno la kroketi na kwa neno KIMBI, ili aliyekosa ajue kanuni ya mchezo iliyokuwa nyuma ya dokezo. Orodha ya maneno yaliyokwisha kutumika ihifadhiwe katika daftari lilelile la hesabu, pamoja na KOMWE, NAMU, MTAJI na HAMNA, ambayo safari hii hayakupata nafasi.